Mwambie Yule Mtu: Kumuaga Mzee Eliakim Nyangau wa Gereji

Mzee Eliakim Nyangau anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kuutumikia ushirika wetu wa wakulima kwa miaka thelathini na mmoja, yote akiwa fundi wa magari katika gereji yetu ya Birongo. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu, kwa maneno ya Mwenyekiti, mimi ndiye ninayemjua vizuri kuliko wote. Ni kweli namjua. Mtu akikuchosha kila siku ya kazi, utakosaje kumjua?

Nianze na mema, yasije yakasahaulika huko mbele. Mzee alizaliwa Nyamira, akajifunza ufundi kwa mjomba wake mjini Kisii, na akaajiriwa hapa mwaka 1994, wakati ushirika ulikuwa na lori moja na trekta ambalo breki zake zilikuwa ni maombi. Tangu hapo amefufua magari ambayo wenzake walikuwa wameshayaaga. Mafundi aliowafundisha wametapakaa kuanzia Kenyenya hadi ng'ambo ya Nyamira, na kila mmoja alitoka mikononi mwake akiijua kazi na akiwa na sikio moja zito kwa sababu ya kelele zake. Kama leo chai na ndizi za wakulima wetu zinafika sokoni, mkono wake umo.

Mema yameisha. Sasa niseme ukweli.

Mzee Nyangau ni mbishi. Hasikii la dereva, la meneja, wala la kitabu kilichokuja na gari. Anaamini sikio lake, na sikio hilo analisifu mwenyewe mbele za watu bila aibu. Tena ana sheria yake moja ambayo haijawahi kuvunjwa: hagusi gari kabla dereva hajamsimulia safari. Si habari ya kilichoharibika, la. Safari yote. "Anza nyumbani," atakuambia, kisha analala chali juu ya gunia, anafumba macho, na wewe unaanza: niliwasha gari, nikatoka, nikapita shule, nikasimama kununua mandazi. Ukiruka kituo, anakurudisha. Nimeona mgeni wa heshima ambaye gari lake lilikuwa linatoa mvuke kama sufuria ya ugali akilazimishwa kueleza alikunywa chai wapi. Wakati huo mimi, mratibu wa usafiri, nina wakulima wanapiga simu kuuliza gari liko wapi. Niwaambie nini? Kwamba fundi amelala anasikiliza hadithi?

Halafu kuna Sabato. Mzee ni shemasi, na Ijumaa alasiri jua likianza kuinama, ananawa mikono kwa sabuni ya unga, anafunga sanduku la spana na kwenda zake. Gari likiwa limefunguliwa tumbo, litakaa hivyo hivyo mpaka Jumapili. Sina neno na Sabato ya mtu. Mimi ni Mkatoliki kutoka upande wa ziwa na ninaheshimu imani ya jirani. Ila ningependa siku moja, moja tu, anawe mikono baada ya kurudisha gurudumu.

Hayo yote tungeyavumilia. Kilichotumaliza ni harusi.

Mokua, dereva wetu wa pikapu nyeupe, ndiye aliyekuwa akigombana na Mzee kuliko madereva wote. Mzee alimwita dereva wa ng'ombe, Mokua akamjibu kwamba hata ng'ombe wangeikimbia gereji hii, na mchana ungewakuta wanakula mahindi ya kuchoma pamoja kwenye tairi kuukuu. Kisha Mokua akampenda Linet. Linet ni binti ya Mzee Nyangau. Siku ng'ombe wa mahari walipoingia boma la Mzee kule Nyamira, sote tulicheza na kula, nami nikacheza kuliko wote, bila kujua kwamba ndiyo siku gereji yetu ilipopoteza amani.

Wageni wanaosoma programu hii ya sherehe waelewe: Wagusii wana kitu wanachokiita chinsoni, yaani ile haya na heshima inayotenganisha mzazi na mtoto, na zaidi mkwe na mkwe. Humtanii baba mkwe. Humpigii kelele, hulali naye chini ya gari moja mkigusana mabega, wala humwambii usoni jambo la kumfedhehesha. Naye hakutukani. Kwetu pia mkwe ni mkwe, kwa hiyo sishangai desturi. Ninachoshangaa ni hawa wawili. Wapo wanaoishika kwa vidole viwili, maisha yakaendelea. Hawa waliishika kwa meno.

Kuanzia wiki ile hawakusemezana tena kazini zaidi ya salamu. Mzee hakulitaja tena jina la Mokua. Akawa "yule mtu". Na kwa kuwa gari haliwezi kutengenezwa bila dereva na fundi kuzungumza, walihitaji daraja. Daraja lilikuwa mimi. Mzee anasimama mlangoni mwa gereji akitazama kilima, Mokua anasimama karibu na geti akitazama barabara, na Pam Aluoch, yaani mimi, mama mzima mwenye viatu vya ofisi, anakata uwanja wenye matope katikati yao. "Mwambie yule mtu clutch anaikanyaga kama anaua nyoka." Naenda, nalainisha maneno njiani, nayafikisha. "Mwambie Mzee nimesikia." Narudi. Chai yangu ofisini inapoa. Nakumbuka siku nilipoichemsha upya mara tatu, na jioni nikaimwaga.

Basi tufike kwenye ekseli, maana wengi mmesikia habari yake nusunusu na kuitia chumvi.

Mwezi wa Agosti mwaka huu, siku ya Alhamisi, Mokua alikuwa akishuka mteremko kutoka Nyamarambe na pikapu imejaa ndizi. Gurudumu la nyuma la kushoto likachomoka pamoja na shafti yake, likaingia kwenye miwa ya watu. Mokua aliiegemeza pikapu kwenye ukingo wa barabara ikasimama bila kumgusa mtu, na namshukuru Mungu kwa hilo. Ndizi zilitawanyika mpaka mtoni. Mwenyekiti wetu, Bwana Angwenyi, alifika, akatazama lile rundo, na hapo hapo akatoa hukumu: dereva amejaza gari kupita kiasi na kuvunja ekseli. Kamati ingekutana Jumatatu, na ikithibitika hivyo, Mokua angeondoka mwisho wa mwezi. Mwenyekiti atanisamehe nikikumbusha kwamba agizo la kuongeza mikungu siku ile lilitoka juu, na huko juu si mbinguni.

Linet alikuwa na mtoto wa miezi michache. Mokua hana shamba la kutosha hata kupanda sukuma wiki ya kulisha nyumba. Kazi ile ndiyo iliyokuwa sahani yao. Na mtu wa kusema kama ekseli iliuawa na mzigo au na kitu kingine alikuwa mmoja tu, baba mkwe wake.

Ijumaa pikapu ikavutwa hadi Birongo. Nilidhani siku kama hiyo heshima ingepumzika kidogo. Wapi! Mzee akalala juu ya gunia lake na kufumba macho, yule mtu akasimama getini, na mimi nikaanza kubeba safari ya Nyamarambe kipande kwa kipande, nikivuka matope. Aliwasha gari saa ngapi, mwambie. Alipita wapi. Breki ilikuwaje pale daraja. Tulipofika kwenye mteremko, Mzee akauliza kama gari lililia kabla ya kuvunjika.

Mokua akatazama viatu vyake. "Mwambie hapana. Nilisikia tu ikivunjika."

Nilipolipeleka jibu hilo, Mzee alifumbua macho. "Mwambie yule mtu gari haifi bila kuugua." Kisha akatazama jua, akainuka, akanawa mikono. Nilimfuata mpaka njiani nikimwambia kwamba kikao ni Jumatatu, kwamba kuna mtoto, kwamba yule ni mumewe Linet. Alinisikiliza kwa upole wote. "Yaya," akasema, neno lao la kukataa, akaenda zake. Nilipiga teke debe la oili chafu, na doa lake bado liko kwenye ukuta wa stoo kwa anayetaka kulitazama.

Jumapili alikuja asubuhi na mapema, nami nikaja baada ya misa ya kwanza kwa sababu nilijua nitatumwa. Mokua alikuwa ameshafika, yuko getini. Mzee akaanza na mzigo, kwa kuwa ndio uliokuwa umeshtakiwa. Alifunga uzi kutoka ncha moja ya ekseli hadi nyingine, kama mwashi anayepima ukuta, akaufuata kwa jicho. Bomba la ekseli lilikuwa limenyooka. Akakagua springi, hakuna jani lake la chuma lililokatika. Akaiviringisha shafti iliyochomoka juu ya meza na haikuyumba. Mzigo ungepinda kitu, akaniambia, na hapa hakuna kilichopinda. Nikakimbia kumwambia Mokua. Niliruka matope siku hiyo bila kulalamika.

Niliporudi, Mzee alikuwa na beringi mkononi. Ilikuwa imeungua hadi ikawa ya buluu, na sili iliyozuia oili imechanika, ndiyo maana dramu ya breki ilikuwa imelowa. Beringi hii hukaa kwenye shafti ikiwa imebanwa na pete ya chuma. Pete hiyo ndiyo inayolishika gurudumu lisitoke. Ukiitoa, huirudishi tena. Unaweka mpya, unaipasha moto na kuisukuma kwa mashine mpaka ishike. Pete yetu ilikuwa imelegea, inateleza kwa kidole. Mzee akaisogeza, akapangusa shafti kwa kitambaa, na chini yake vikaonekana vidoa vidogo vilivyogongwa kwa ponchi, kile chuma chenye ncha, kuzunguka shafti.

Ni hila ya mafundi wa kandokando ya barabara. Pete ikiwa imelegea, wanakichubua chuma kwa ponchi ili kiikamate kwa muda. Mzee Nyangau amewahi kumfukuza fundi gerejini kwa hila hiyo, akamtupia na kofia yake. Nilitaka kuuliza ni mjinga gani aliyefanya vile, nikautazama uso wake, nikafunga mdomo.

Alikaa kwenye tairi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kamuulize ililia tangu lini."

Nilienda polepole. Nilimwambia Mokua kwamba Mzee ameona vidoa vya ponchi na sasa asinidanganye. Macho yake yakajaa machozi. "Tangu ile Ijumaa alifunga beringi, mwezi wa Julai. Ilikuwa inalia kila siku, Madam Pam. Nikikata kona inalia zaidi."

Nilimuuliza, kwa ukali ambao Mzee mwenyewe angeuonea wivu, kwa nini hakusema, hata kwangu.

"Ningesema nini? Kwamba baba ya Linet ameharibu kazi? Ukimwambia wewe, atajua ni mimi nimesema."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana mwenye akili timamu, anasikia gurudumu likilia wiki baada ya wiki, anashuka nalo milima ya Gusii, na anaona afadhali lichomoke kuliko kumvunjia mkwe wake heshima! Nilitamani kumkumbatia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Nikavuka uwanja kwa mara ya mwisho siku ile, na kwa mara ya kwanza sikulainisha neno hata moja. Nililifikisha kama lilivyotoka.

Mzee hakukasirika. Aliniambia kwamba Ijumaa ile ya Julai pete mpya ilikuwa mjini Kisii, jua lilikuwa linaenda, na Mwenyekiti alikuwa anataka gari. Akairudisha ya zamani kwa ponchi na nyundo, akijiahidi ataifungua Jumapili. Jumapili gari likawa limeshatoka, likarudi, likatoka, naye akasahau. Haraka haraka haina baraka, hata ikiwa ni haraka ya kuiwahi Sabato.

Waliokuwa kwenye kikao cha Jumatatu wanakumbuka. Hakuitwa, aliingia na ovaroli lake la mafuta, akaiweka ile pete juu ya karatasi nyeupe za Mwenyekiti. "Hii ni kazi yangu. Mzigo haukuvunja kitu. Huyu kijana kosa lake ni heshima, na heshima hiyo ni yangu alikuwa anaheshimu. Mkitaka kufukuza mtu, mimi niko hapa." Ilikuwa imebaki miezi miwili hivi astaafu. Angeweza kuacha mzigo ulaumiwe, akapokea saa yake ya ukutani ya kustaafu na kwenda nyumbani na jina safi, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angejua, kwa sababu mimi sikujua kusoma vidoa vile na Mokua asingesema mpaka afe. Namlaumu Mzee kwa mambo mengi katika ukurasa huu. Kwa siku ile namvulia kilemba.

Kamati ikaamua kwamba Mokua abaki na Mzee aitengeneze pikapu. Nayo aliitengeneza. Alipata shafti nyingine iliyo nzima kwa wauza vipuri mjini, akaweka beringi mpya, sili mpya na pete mpya iliyosukumwa kwa mashine mbele ya macho yake. Aliifungua difu yote, lile sanduku la gia katikati ya ekseli, na kuosha chembe za chuma zilizokuwa zimeingia, akabadilisha viatu vya breki vilivyolowa oili. Ijumaa, Mwenyekiti akaja tena kutaka gari lake, limebaki kurudishiwa gurudumu tu. Mzee akatazama jua, akanawa mikono. "Jumapili," akasema. Na mimi, niliyekuwa na ndizi zinazoiva Kenyenya na simu inayolia mkononi, nilijikuta nimesimama upande wake. Nilijichukia kwa hilo.

Hadithi ingeishia hapo kama si wiki iliyofuata. Nilikuwa ofisini, kikombe kimejazwa sasa hivi, Mokua akachungulia dirishani. "Madam Pam, kuna kitu nasikia huko nyuma." Nikaguna, nikaweka kikombe, nikaanza kutafuta viatu vya matope chini ya meza. Kabla sijavipata, sauti ikatoka gerejini, ile ile ya zamani ya kuvunja masikio.

"Pam, kaa chini! Wacha aje mwenyewe."

Mokua alivua kofia. Alivuka ule uwanja akitazama chini hatua zote, akasimama mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe. "Tata," akasema, neno lao la kumwita baba, akaikunja kofia, akaanza tena. "Tata, gari inalia. Nyuma, upande wa kushoto."

Gereji nzima iliacha kazi. Mzee alitandika gunia lake, akalala chali, akafumba macho. "Anza nyumbani," akasema.

Na Mokua akaanza: aliwasha gari, akatoka, akapita shule. Hakuruka kituo. Mwishowe Mzee aliinuka, akaenda nyuma ya kiti cha dereva, akaibana jeki iliyokuwa imelegea na kugongagonga bati. Basi, ni hilo tu. Dereva mwingine yeyote angeitwa majina kwa kumsumbua mzee kwa ajili ya jeki. Mkwe wake alimwambia, "Umefanya vizuri kusema," kisha akageuka upesi na kujifanya anatafuta spana. Mimi nilirudi mezani, na kwa mara ya kwanza tangu harusi ile nikanywa chai yangu ikiwa moto.

Mzee Nyangau, ushirika unakushukuru kwa miaka yote, kwa magari yote uliyoyafufua, na kwa pete moja uliyoiweka mezani. Tunakuombea afya, chai inayochipuka vizuri kule Nyamira, na wajukuu wenye kelele kukushinda. Mama Linet, pole. Sasa ni wako saa zote, na asubuhi ukimwambia kichwa kinakuuma, ujue utaulizwa ulianzia wapi.

Pikapu nyeupe itamsindikiza Mzee nyumbani mara baada ya sherehe, dereva akiwa Mokua. Wameshakubaliana, wao wenyewe kwa vinywa vyao, kwamba mimi nikae katikati. Kwa kuwa leo ni Ijumaa na Mzee anataka awe amefika kabla jua halijazama, Mwenyekiti anaombwa kwa heshima zote afupishe hotuba yake.

Pam Aluoch
Mratibu wa Usafiri